Chura wa Kihansi na Deni la Mataifa



Katika nchi yetu ya Tanzania kuna kiumbe mdogo ambaye wengi wetu hatujamwona kamwe, wala hatutamwona. Ni chura. Rangi yake ni ya manjano, na akisha kukomaa urefu wake haufiki sentimeta 3. Hatagi mayai majini kama vyura wa madimbwi yetu. Huzaa watoto walio vyura kamili, nao ni wadogo hata mmoja aweza kukaa juu ya ukucha wa mtu. Katika dunia nzima makao yake ya asili ni mahali pamoja tu: korongo la mto Kihansi, pale mto ule unaporuka kutoka ukingo wa milima ya Udzungwa na kuteremka kuelekea bonde la Kilombero.

Hapo zamani maji yalipopiga miamba yalipanda hewani kama moshi, na unyevu wake ukalowesha majani ya kandokando usiku na mchana, masika na kiangazi. Katika umande huo usiokauka, kwenye eneo la hekta chache tu, chura huyo aliishi vizazi na vizazi. Mungu alimjua tangu mwanzo. Wataalamu walimjua mwaka 1996.

Pengine baba mmoja wa familia atauliza: Je, mambo ya dunia yamekwisha, hata Mhariri aje kutuhubiria habari za vyura? Twamwomba avumilie kidogo. Ndani ya kisa cha kiumbe huyu mdogo limo swali kubwa linalosumbua mataifa yote siku hizi. Mataifa yanapoambiwa yasaidiane kulinda viumbe vya Mungu na hali ya hewa ya dunia, ni nani amdaiye mwenziwe? Nani atoe, nani apokee, na kwa moyo gani?

Mnara uliojengwa bila hesabu kamili

Katika miaka ya 1990 nchi yetu ilihitaji umeme. Mto Kihansi ulionekana kufaa sana, maana maji yake huanguka kimo cha mita zipatazo 850. Fedha ilitoka Benki ya Dunia, Norway, Sweden, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Maji yakazuiwa huko juu, yakapitishwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mlima, yakazungusha mitambo yenye nguvu ya megawati 180. Umeme ulianza kutolewa kati ya mwaka 1999 na mwaka 2000.

Na tuseme wazi: kutafuta umeme si dhambi. Mama ajifunguaye usiku katika zahanati yenye taa, mtoto asomaye bila kuumia macho kwa moshi wa koroboi, fundi aendeshaye mashine yake na kulipa ada ya shule, hao wote ni watoto wa Mungu, na haki yao ni kubwa. Asiyejali giza la maskini hana ruhusa ya kutufundisha habari za vyura.

Lakini kosa lilikuwapo. Uchunguzi kamili wa viumbe wa korongo lile ulifanywa wakati ujenzi ulipokuwa umekwisha anza. Chura alipoonekana, fedha ilikuwa imekwisha kopwa na kazi ilikuwa imekwisha songa mbele. Kisha maji yakageuzwa njia, hata kama sehemu tisa katika kumi hazikupita tena korongoni. Moshi wa maji ukatoweka, majani yakakauka, vyura wakapungua upesi mno.

Bwana wetu Yesu Kristo alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na watu. Wajenzi wa Kihansi, wenyeji na wageni pamoja, walihesabu saruji, chuma na riba. Hawakuhesabu umande. Nao umande ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililetwa baadaye.

Safina ya siku hizi

Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa ruhusa ya Serikali yetu, wataalamu wa bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, walichukua vyura 499 wakawasafirisha kwa ndege hadi Marekani. Huku nyumbani mabomba ya kunyunyiza maji yalitandazwa korongoni, ili mkono wa binadamu ujaribu kufanya kazi ile ile ambayo maporomoko yalikuwa yakiifanya bila malipo. Vyura waliosalia wakaanza kuongezeka. Kufikia katikati ya mwaka 2003 wakakadiriwa kuwa kama 20,000.

Furaha hiyo haikudumu. Katika miezi michache vyura walianguka karibu wote. Walionekana kuwa na ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu, ambao umemaliza vyura wa namna nyingi katika pande nyingi za dunia. Wataalamu wengine walishuku pia matope na dawa za mashamba zilizoteremka na maji ya bwawa. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwandika chura wa Kihansi miongoni mwa viumbe waliotoweka porini.

Huko ng'ambo nako mambo hayakuwa mepesi. Vyura walikufa mmoja mmoja, hata ukaja wakati ambapo waliosalia hawakutimia mia. Watunzaji wa Bronx, na wenzao wa bustani ya Toledo katika jimbo la Ohio, walijifunza polepole: mwanga wa namna gani, maji ya namna gani, wadudu gani wa kuwalisha. Walikesha juu ya kiumbe ambaye hakuwapa nyama wala maziwa wala ngozi. Hatimaye vyura wakazaana tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege, wakapokewa katika nyumba maalumu ya kuwazalisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mikononi mwa watunzaji Watanzania waliofundishwa kazi hiyo. Na mwaka 2012, kundi la kwanza likarudishwa Kihansi, katika umande wa baba zao.

Nuhu hakuagizwa kuchagua wanyama wenye faida tu na kuwaacha wengine wazame. Aliagizwa kuwaingiza safi na wasio safi, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa wote walikuwa wa Mungu. Safina yake ilijengwa kwa mbao na kuelea juu ya gharika. Safina hii ya Kihansi ilikuwa ya chuma, ikaruka juu ya bahari. Na ndani yake alikuwamo kiumbe mdogo kuliko kidole cha mtoto. Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wazee wetu. Tanzania peke yake isingemwokoa chura huyu. Na Marekani peke yake isingeweza kumpa makao, maana Kihansi haiko Marekani.

Manung'uniko ya watu

Hata hivyo twayajua manung'uniko ya watu, nayo tusiyapuuze. Manung'uniko huficha haki mara nyingi.

Wa kwanza husema: Wageni hupenda wanyama kuliko watu. Twakiri kwamba yapo mambo yaliyowafanya watu waseme hivyo. Mwaka 1959, siku za utawala wa Waingereza, Wamasai waliondolewa katika tambarare za Serengeti ili pawe mbuga ya wanyama tu, ingawa mifugo yao ilikuwa imelisha pamoja na wanyama hao kwa muda mrefu. Upendo wa viumbe usiomwona binadamu aliye kati yao ni upendo wenye chongo. Mungu alipomweka mtu bustanini alimpa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Hakumfukuza ili bustani istawi.

Lakini tusiteleze upande wa pili. Huyo asemaye kwamba yatupasa kuchagua ama mtoto ama chura, ametudanganya. Tazameni njia ya maji. Kihansi huingia mto Kilombero. Kilombero huingia Rufiji. Na juu ya Rufiji limejengwa bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambayo ilianza kutoa umeme mwaka 2024. Maji yote hayo huanzia katika misitu na mabonde ya milimani, ambako mvua hunywewa na ardhi kama sifongo na kutolewa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Chura wa Kihansi alikuwa mlinzi wa zamu. Alipoanza kufa alitupigia kelele kwamba maji yamebadilika. Mwaka 2006 ukame ulipungua mabwawa yetu, na nchi ikakaa gizani kwa mgawo wa umeme. Mwishoni mwa mwaka 2022 watu wa Dar es Salaam walipata maji kwa mgawo, kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua. Walioteseka siku hizo hawakuwa vyura. Walikuwa akina mama wenye ndoo vichwani.

Tena katika korongo lile lile la Kihansi wataalamu waligundua namna ya mbuni wa porini ambao haukujulikana mahali pengine. Ninyi wakulima wa Kagera, Kilimanjaro na Mbinga, mwajua jinsi magonjwa yanavyomaliza kahawa. Nani ajuaye kama katika mmea ule wa porini Mungu hakuweka dawa ambayo wajukuu wenu wataitafuta? Mtu hachomi ghala asilolijua yaliyomo.

Wa pili husema: Waliochafua hewa ya dunia ni matajiri, kwa nini tuambiwe sisi tusikate miti? Huyu naye ana haki. Bara lote la Afrika, pamoja na wingi wa watu wake, latoa sehemu chini ya 4 katika 100 za gesi zinazoipasha dunia joto kila mwaka. Mkulima wa jembe la mkono hakuyeyusha barafu ya Kilimanjaro, ambayo imepotea zaidi ya sehemu 80 katika 100 tangu mwaka 1912. Mataifa yenyewe yalikiri jambo hilo mjini Rio de Janeiro mwaka 1992, yalipopatana juu ya hali ya hewa na juu ya wingi wa viumbe, kwamba wajibu ni wa wote, lakini mzigo si sawa kwa wote.

Kukiri ni jambo moja, kulipa ni jingine. Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo mwaka 2020 ili kuzisaidia nchi maskini. Kwa hesabu za nchi hizo zenyewe, kiasi hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya siku ya ahadi. Na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa mikopo. Mwaka 2024, mjini Baku, ziliahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo mwaka 2035, wakati nchi maskini zilikuwa zimeomba zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Na Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kujitoa kwa mara ya pili katika mapatano ya Paris ya mwaka 2015. Ni nchi ile ile ambayo watunzaji wake walikesha kwa ajili ya vyura wetu. Basi tujifunze kwamba taifa si mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Ndani ya nchi moja wamo wafanyao kazi ya Nuhu, na wamo wacheao safina.

Wa tatu husema: Misaada ni kamba, mwenye kuivuta atatutawala. Hofu hii ni ya mtu mwenye akili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba nchi hii itapokea dhamana ya kulinda wanyama na misitu yake kwa ajili ya wajukuu wetu. Na papo hapo akasema bila haya kwamba kazi hiyo yahitaji ujuzi, watu waliofundishwa, na fedha, na kwamba mataifa mengine yatupasa kushirikiana nayo. Hakuomba kama mwombaji wa njiani. Alisema kama mwenye nyumba amwambiaye jirani: Nyumba ni yangu, lakini moto ukiwaka utaungua nawe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1963, chuo cha Mweka kilianzishwa karibu na Moshi ili Waafrika wenyewe wafundishwe kazi hiyo. Msaada unaofundisha mikono ya mwenyeji haumfungi kamba, bali humfungua.

Usawa wa Mtume Paulo

Ninyi mnaosikiliza masomo ya Misa mwakumbuka jinsi Mtume Paulo alivyokusanya fedha katika Makedonia na Akaya kwa ajili ya Wakristo maskini wa Yerusalemu. Aliwaandikia Wakorintho habari ya mchango huo, nayo ndiyo sheria bora ya kusaidiana tunayoijua. Aliwaambia kwamba hataki wengine wapate raha na wao wapate taabu. Bali ataka pawe na usawa, wingi wa hawa ujaze upungufu wa wale, na wingi wa wale nao ujaze upungufu wa hawa.

Basi tuupime mkataba wa mataifa kwa mizani hiyo. Nchi tajiri zina wingi wa fedha, mashine na ujuzi. Zina upungufu gani? Misitu yao mingi ilikatwa zamani, wanyama wao wengi wamekwisha, na hewa waliyoichafua haiwezi kusafishwa bila misitu iliyosalia kwetu, kwa Wakongo na kwa Wabrazili. Sisi tuna upungufu wa fedha. Lakini tuna wingi wa uhai, ambao dunia nzima yauishi. Anayelinda msitu wa Udzungwa anamfanyia kazi mtu wa Oslo na mtu wa New York. Je, mfanyakazi alipwaye ujira wake hupokea sadaka? La, hupokea haki.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha jambo hilo katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015. Alisema kwamba kati ya nchi za Kaskazini na za Kusini liko deni la kweli, lililotokana na jinsi mali ya asili ilivyotumiwa na hewa ilivyochafuliwa kwa miaka mingi. Sisi twazoea kusikia kwamba nchi maskini ndizo zenye madeni. Kihansi ni mfano wa kusikitisha: hata sehemu ya fedha ya kurekebisha madhara ya bwawa ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Tulikopa kujenga, tukakopa kutengeneza kilichoharibiwa na tulichojenga. Dawa ya deni ni kulipa, kweli. Lakini kwanza lazima daftari lisomwe kurasa zote mbili.

Paulo aliongeza jambo la pili, ambalo viongozi wetu hulipita upesi. Hakubeba fedha ile peke yake. Alitaka waende pamoja naye ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kumlaumu juu ya mchango mkubwa namna ile. Mtume wa Yesu Kristo hakuona haya kukaguliwa! Basi afisa wa mradi wa misitu, aonaye haya gani akiombwa hesabu? Fedha iliyotolewa kwa ajili ya miche ya kijiji ikigeuka kuwa posho za semina zisizo na mwisho na magari ya wakubwa, wizi huo una uzito mara mbili: yameibiwa maskini waliopo, na wameibiwa watoto wasiozaliwa bado. Mali bila daftari huisha bila habari.

Deni lililo nyumbani

Mpaka hapa, wasomaji wapenzi, yawezekana mmefurahi, maana tumewasema wengine. Sasa na tugeuze taa ituangaze sisi.

Juu ya bwawa la Kihansi, katika wilaya za Mufindi na Kilolo, wanaishi wakulima ambao tangu zamani hulima vinyungu. Ni bustani za mabondeni, penye unyevu, ambamo wakati wa kiangazi hupanda mahindi, maharage na mboga, watoto wasilale njaa kabla ya mavuno. Wataalamu huwaambia: Mwakausha vijito, mwatia dawa na matope mtoni, acheni. Na huenda wasema kweli. Lakini mama yule mwenye jembe aweza kujibu: Nikiacha kinyungu changu, umeme utawaka Dar es Salaam, na chungu changu je, kitawaka kwa nini?

Swali hilo ni lile lile tunalowauliza matajiri wa dunia. Sisi twasema: Hatuwezi kubeba peke yetu mzigo wa kulinda misitu kwa faida ya wote. Naye mkulima wa mabondeni aweza kutuambia sisi watu wa mijini maneno hayo hayo. Tukidai usawa wa Mtume Paulo huko Baku na Paris, kisha tukaunyima huko Mufindi, tumefanana na yule mtumishi wa Injili aliyesamehewa deni kubwa na bwana wake, akatoka nje akamkaba koo mwenziwe aliyemwia deni dogo. Kila abonyezaye taa ana deni kwa yule akaaye penye chemchemi. Deni hilo lilipwe kwa vitu vinavyoonekana: umeme ufike pia katika vijiji vinavyotunza maji, wakulima wafundishwe na kusaidiwa kupata mashamba na mazao mengine, nao waulizwe kabla ya amri kutolewa, si baada yake.

Liko pia jambo la mkaa. Katika nchi yetu watu wengi sana, zaidi ya wanane katika kila kumi, hupika kwa kuni au kwa mkaa. Mei 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwawezesha watu 80 katika kila 100 kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni mpango mwema, nasi twautakia heri. Lakini baba asiseme kwamba jambo hili ni la mama jikoni. Kama mshahara wapatikana wa kununua simu mpya, na wa vinywaji vya siku ya sikukuu, basi jiko lisilomla msitu wala kumuumiza mama kifua lisiwe la mwisho katika hesabu ya nyumba. Na yule asiye na uwezo asilaumiwe. Wakristo wenziwe katika jumuiya wamsaidie.

Tena tusisahau moto. Kila kiangazi mtu mmoja mzembe huwasha nyasi ili apate majani mabichi au panya wachache, na upepo hupeleka moto hadi msituni. Mwenye kufanya hivyo huenda Jumapili kanisani na moyo mwepesi, maana katika maungamo yake hakumbuki kamwe kutaja moto ule. Na akumbuke. Kuharibu kwa uzembe mali ya jirani ni dhambi. Kuharibu chemchemi ya vijiji kumi je?

Mapadre nasi tusijitoe katika hesabu. Parokia nyingi zina ardhi kubwa. Ikiwa vilima vya misioni ni vipara, mahubiri yetu juu ya miti yatasikiwa kama debe tupu. Shule zetu, seminari zetu na nyumba za masista ziwe mahali ambapo mtoto ataona kwanza kwa macho yale atakayoyasikia baadaye kwa masikio.

Asiyesahauliwa na Mungu

Turudi kwa chura wetu. Bwana Yesu alifundisha kwamba hata shomoro, ambao sokoni huuzwa kwa visenti vichache, hakuna mmoja wao aliyesahauliwa mbele ya Mungu. Alisema hayo ili kuwatia moyo wanafunzi, kwamba wao wana thamani kuliko shomoro wengi. Si halali kutumia nusu ya fundisho hilo. Asemaye tu kwamba Mungu amkumbuka shomoro, na kumsahau mtu, amekosa. Asemaye tu kwamba mtu apita shomoro, kwa hiyo shomoro na afe, naye amekosa. Maana atakuwa amekisahau kile ambacho Mungu hakisahau.

Kisa cha Kihansi chatuonyesha kwamba mataifa yaweza kukosa pamoja na kutengeneza pamoja. Waliotoa fedha walikosa, na waliopokea walikosa. Kisha wa ng'ambo na wa nyumbani wakajifunza, kila mmoja akileta alicho nacho. Mwisho wa kazi haukuwa kumweka chura katika sanduku la kioo huko New York ili watu wamtazame. Mwisho wake ulikuwa kumrudisha kwao, mikononi mwa wenyeji. Kila ushirikiano wa mataifa upimwe kwa kipimo hicho: je, kiumbe amerudi kwao? Je, mwenyeji amepata ujuzi na sauti? Je, maskini aliye karibu amekula?

Usiku wa leo, mwishapo kusali Rozari, baba au mama na awaambie watoto habari ya chura wa manjano aliyesafiri kwa ndege akarudi. Watacheka, na ni vema wacheke. Kisha waulizeni maji ya kisimani yanatoka wapi, na nani huko juu anayeyatunza, na nyumba yetu imemlipa nini. Na kabla ya kuzima taa, mwombeeni mtu yule akaaye penye chemchemi.